Mjue Kunguru Mgeni

Ndugu mkulima, leo tuzungumze juu ya ndege anayekumalizia vifaranga: kunguru wa Bara Hindi. Watu wengi wanasema, "Kunguru ni kunguru tu." Sivyo. Wako wa aina mbalimbali, na usipowatambua utamwadhibu mwenyeji badala ya mgeni.

Mgeni huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mjini. Lakini hakutosheka na takataka. Alizaana, akavuka bahari, na mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Leo amejaa miji ya pwani, naye huingia bara kwa kufuata makazi ya watu na majalala.

Basi utamtambuaje? Kwanza, tazama kifua. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe na kola nyeupe shingoni. Weupe huo umekatika wazi, kama mtu aliyevaa fulana. Mgeni hana weupe hata kidogo. Shingo na kifua chake ni rangi ya majivu, na majivu hayo hufifia polepole kuingia katika weusi. Uso, koo, mabawa na mkia ni weusi unaong'aa.

Pili, tazama umbo. Mgeni ni mwembamba, urefu wake sentimita 40 hivi. Mwenyeji ni mnene zaidi, hukaribia sentimita 50.

Tatu, sikiliza. Mgeni hulia "kaa, kaa" kwa sauti ya puani. Mwenyeji sauti yake ni nzito, ya kukwaruza.

Angalizo: jua kali humfanya wa kijivu aonekane mweupe. Kwa hiyo simama jua likiwa mgongoni kwako, umtazame vizuri kabla ya kukata shauri.

Ukishamjua, ufanye nini? Vifaranga vifungie bandani au vifunike kwa tenga mpaka vikue. Mayai yaokote mapema. Takataka na matumbo ya samaki vifukie shimoni, maana ndiyo karamu inayomwita. Usitege sumu mwenyewe, ndugu yangu. Itaua kuku wako, mbwa wa jirani na ndege wasio na hatia.

Na wewe uliye bara, ukimwona huyu wa kijivu kijijini kwa mara ya kwanza, mwarifu Bwana Shamba au afisa wa wanyamapori siku hiyo hiyo. Wawili watatu huondolewa kwa urahisi. Wakishakuwa kundi, ni kazi. Wahenga walisema kunguru hafugiki.