Kabla hujapaka rangi chumba cha mtoto

Dirisha la njano au jekundu linalong'aa hupendeza chumbani kwa mtoto. Tatizo ni kwamba baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu na chungwa, huwekwa madini ya risasi.

Rangi hiyo ikizeeka hubanduka na kuwa vumbi. Mtoto anayetambaa hulishika, kisha hutia vidole mdomoni. Akimeza risasi, mwili wake huweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Huathiri ubongo na uwezo wa kujifunza, mara nyingi bila dalili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mzazi, zingatia haya:

Dukani, soma kopo. Umoja wa Mataifa unapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Kopo lisiloeleza chochote, liache.

Rangi ya zamani isikwanguliwe kwa msasa mkavu. Fundi ailowanishe kwanza, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Kisha sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe.

Mabaki yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha, kwani risasi haiozi, hubaki udongoni. Mbao zilizopakwa rangi zisigeuzwe kuni, moshi wake una sumu.

Mtoto wako hutafuna vipande vya rangi? Usisubiri augue. Mpeleke hospitali, uulize kuhusu kipimo cha risasi katika damu.