Ubongo Hujifunzaje Kuona?

Ndugu wanafunzi, huenda mmemwona mzee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho akipelekwa kupasuliwa, kisha akarudi nyumbani akiwatambua wajukuu zake. Hata akikaa na maradhi hayo miaka mitano, lenzi yenye ukungu ikitolewa na kuwekwa nyingine, mara nyingi huona tena. Basi akizaliwa mtoto mwenye weupe ndani ya mboni, wapo wasemao: "Mwacheni akue kwanza, atapasuliwa baadaye." Ni maneno ya huruma, lakini yanaweza kumkosesha mtoto macho maisha yake yote. Sababu haimo katika jicho, imo katika ubongo.

Jicho hupokea nuru tu. Anayeona ni ubongo, sehemu yake ya kisogoni. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo hupashana habari kupitia maungio madogo mno yaitwayo sinapsi. Mtoto huzaliwa na sehemu kubwa ya seli hizo, ila sinapsi bado ni chache. Katika miezi ya mwanzo sinapsi huchipua kwa wingi, kuliko zitakazohitajiwa. Katika sehemu ya kuonea hufikia kilele karibu na umri wa miezi 8, kisha huanza kupunguzwa. Inayotumika huimarishwa; isiyotumika hufifia na kuondolewa.

Wengine hufananisha jambo hili na vijia vya porini: kinachokanyagwa hubaki, kisichokanyagwa huota majani. Mimi naona mfano wa shamba unafaa zaidi, kwa sababu shamba lililoachwa halibaki tupu, jirani husogeza mpaka. Katika miaka ya 1960 huko Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walifumba jicho moja la paka wachanga. Walipolifumbua baada ya wiki kadhaa, jicho lilikuwa zima, lakini paka hakuona kwalo. Seli za ubongo zilizopaswa kulihudumia zilikwisha kuchukuliwa na jicho la pili. Paka mkubwa aliyefanyiwa vivyo hivyo hakudhurika. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel.

Babu, basi, alikwisha kujenga kuona kwake tangu utotoni; ukungu ulipoondoka alikuta mashamba yake yapo. Mtoto mchanga hajalima hata jembe moja. Ndiyo maana mabingwa wa macho hutaka mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito apasuliwe ndani ya wiki 6 hadi 8 za mwanzo ikiwezekana. Aliyechelewa apelekwe vilevile, kwani kuona kidogo si sawa na giza.

Nanyi mnaohifadhi Juzuu Amma mnaijua kazi hii ya ubongo: sura inayorudiwa hukaa, iliyoachwa hutoroka. Lakini mlango wa kuhifadhi haufungwi, na mzee wa miaka 60 anaweza kuanza na alifu. Mlango wa kuona ndio unaofungwa, polepole, utotoni.

Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto wengi hufikishwa hospitali muda mrefu baada ya wazazi kuona kasoro, na umbali ni sababu mojawapo. Kwetu hilo halishangazi. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam, kwenye upasuaji wa macho ya watoto Muhimbili na CCBRT, ni kilomita zipatazo 300. Angalau tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hatusubiri tena kivuko cha Rufiji.

Ninyi ndio mnaobeba wadogo zenu mgongoni. Tazameni mboni: ikiwa nyeupe, au mtoto wa miezi mitatu hafuati uso wa mama yake, au ana makengeza yasiyoondoka, mwambieni mama ampeleke kituo cha afya wiki hiyohiyo aandikiwe rufaa. Weupe huo huweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huua.

Baada ya upasuaji kazi haijaisha. Mtoto huvalishwa miwani, na ikiwa jicho moja ndilo lililougua, lile zima hufunikwa kwa saa kadhaa kila siku ili lililo dhaifu lirudishiwe sehemu yake ya shamba. Mtoto atalia na kukibandua kitambaa. Abandikwe tena, kesho na kesho kutwa, kwa miezi na pengine miaka.