Shina linaishia nyuma ya choo

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na yeyote mwenye muda na bando. Humo, baadhi ya mitaa ya uswahilini Dar es Salaam imechorwa kwa umakini wa kushangaza. Nilikuwa natafuta kichochoro cha kutokea Hananasif, nikajikuta nakodolea macho mtaro. Mstari mwembamba tu, lakini ukiubonyeza una wasifu wake: upana, kina, umejengwa kwa kitu gani, una taka au hauna. Ni nani huyo aliyeinama kupima mtaro wa uswahilini, tena kwa ajili ya intaneti?

Nikaulizia mpaka nikaelekezwa kwa dada mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa chuo wakati mradi wa Ramani Huria unaanza, mwaka 2015. Aliomba nisimtaje jina.

Habari za mafuriko ya Dar msomaji anazijua. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na tangu hapo mvua ikizidi kidogo tu Jangwani hapapitiki. Ramani Huria ilizaliwa humo: Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu, shirika la HOT lenye utaalamu wa OpenStreetMap, pamoja na wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Droni zikapiga picha kutoka juu, wanafunzi wakazunguka chini na simu zao.

Dada huyu hucheka akisikia droni zikisifiwa. Kwake ile ilikuwa sehemu rahisi: unairusha upepo ukiwa umetulia, inakuletea picha ya mabati. Bati halisemi maji huwa yanafika wapi, wala kama mtaro ule unapitisha maji au umefunikwa mbao na juu yake pana genge la nyanya. Kwa hayo ulimhitaji mjumbe, kiongozi wa shina.

Hapo ndipo aliponimaliza. Kata ina mpaka rasmi, na mtaa vilevile. Chini ya mtaa kuna shina, urithi wa zile nyumba kumi kumi za TANU za miaka ya 1960, ingawa siku hizi si kumi tena. Mpaka wa shina ulikaa kichwani mwa mjumbe. Wanafunzi wakatumwa kuutoa huko kichwani na kuuweka kwenye ramani, ili maji yakija ijulikane ni watu wa nani waliozama na nani wa kupigiwa simu. (Sijui kama Wazungu waliobuni programu za ramani waliwahi kuota kwamba zitabeba mipaka ya mashina.)

Unafika, unatoa shikamoo, unakalishwa kwenye benchi au ndoo iliyopinduliwa. Kabla ya yote unaulizwa umetumwa na nani, na kama hii ni bomoabomoa. Mjumbe ana haki ya kuuliza. Uswahilini wanaokuja kupima wamezoeleka kufuatiwa na alama ya X nyekundu ukutani. Dada alikuwa akijibu kwamba hapana mama, hapana mzee, hii ni ya mafuriko.

Ukishaaminiwa mnatembea, mjumbe mbele, wewe nyuma na simu inayorekodi njia. Mpaka unafuata mambo ambayo hayaonekani angani. Unapita nyuma ya choo cha mzee fulani, unaiacha saluni nje, kisha unakata kichochoro katikati kwa sababu wapangaji wa upande ule wana mazoea ya kupeleka kesi zao kwa mjumbe mwingine. Kuna nyumba moja ambayo wajumbe wawili waliibishania kwa muda mrefu, na ubishi wenyewe ulikuwa kinyume na alivyotarajia. Kila mmoja alisema si yake, ni ya mwenzake. Familia ile ilikuwa na kesi zisizoisha.

Swali la maji lilikuja baadaye. Hakuna aliyejibu kwa sentimita. Watu walijibu kwa miili yao: kifundo cha mguu, goti, kiuno. Mama mmoja alisema maji yalifika kwenye godoro, na godoro walikuwa wamelipandisha juu ya meza. Basi ikapimwa meza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, husema mvua kubwa inatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Dar es Salaam, Pwani, Tanga na visiwa vya Unguja na Pemba. Ndiyo kazi yake, na taarifa huzunguka WhatsApp mpaka inachosha. Lakini anayefurika ni wa nyumba ya tatu kutoka mtaroni, na yeye hakusikia ametajwa. Thamani ya kazi hii ya wanafunzi iko hapo. Programu kama InaSAFE, iliyoanzia Indonesia, inaweza kulaza eneo la maji juu ya ramani yao na kuhesabu majengo yaliyomo.

Je, mjumbe mwenyewe anaiona ramani hiyo? Wengi, dada anasema, walikuwa na simu za kitochi. Ndiyo maana ramani zilichapwa pia kwenye karatasi kubwa na kupelekwa ofisi za kata. Halafu karatasi haijui kwamba mtaro umezibuliwa, au kwamba mjumbe amebadilika. Ya mtandaoni yeyote anaweza kuisahihisha, na kwa uwazi huohuo dalali wa viwanja naye anaweza kuisoma usiku kucha.

Siku hizi bonde la Msimbazi, lilimo Jangwani, lina mradi mkubwa wa kudhibiti mafuriko. Nyumba nyingi zimeshavunjwa, wenyewe wakilipwa fidia ambayo baadhi yao wameilalamikia. Nilimuuliza kama ramani yao ilichangia. Hajui, na mimi sina ushahidi. Anachosisitiza ni kwamba wao hawakuandika jina la mwenye nyumba wala thamani ya nyumba.

Na akirudi kwa mjumbe yuleyule leo, atampa jibu lilelile, kwamba hii ni ya mafuriko? Alisema kwanza angetaka kujua anayelipia kazi ni nani na data inakwenda wapi, ndipo aende kutoa shikamoo.