Uhuru wa Asiye na la Kuficha

Ndugu askari, ukitoka Mbarara hadi makazi ya Nakivale, yaliyopokea wakimbizi tangu miaka ya 1960, utakuta waliopoteza nyumba na mashamba wakisali kwa Kiswahili na Kinyarwanda, nyuso zao kunjufu. Miongoni mwa walokole, ambao uamsho wao ulienea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, mtu husimama hadharani, akaungama wizi wake, akarudisha mali. Kwetu tuliozoea gwaride, hilo ni gumu kuliko kulenga shabaha! Lakini aliyekwisha kuungama hatishiki kwa siri.

Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa mlokole. Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin wakilaani mauaji. Aliuawa tarehe 16. Askofu Festo Kivengere alikimbilia Rwanda kwa miguu. Baadaye akatangaza kumsamehe Amin.