Sura ya Tatu: Mvuvi Asiyetulia

Mpiga picha wa karne ya 19 hakuchagua peke yake nani aonekane. Dawa zake nazo zilichagua.

Mtazame John Kirk, daktari Mskoti aliyepiga picha kwa mapenzi yake. Mwaka 1858 alifika Mto Zambezi katika msafara wa David Livingstone. Mpiga picha rasmi alikuwa Charles, nduguye Livingstone, lakini za Kirk ndizo zilizodumu zaidi. Mwaka 1866 alihamia Zanzibar, akakaa kama miaka 20, kwanza daktari kisha konseli wa Uingereza.

Huko Zambezi Kirk alitumia karatasi iliyotiwa nta na kulowekwa katika nitrati ya fedha. Iliandaliwa siku kadhaa kabla, ikabebwa ikiwa kavu. Tatizo ni kwamba ilihitaji mwanga wa dakika nyingi. Mbuyu ulingoja, na jahazi lililokaa mchangani maji yakipwa lilingoja. Mvuvi anayevuta juya hangojei: alibaki ukungu, au hakubaki kabisa.

Kioo kilichopakwa dawa ya kolodioni kilipunguza muda huo hadi sekunde chache, lakini kilitaka kisafishwe kikiwa bado kibichi, na joto la pwani hukausha upesi. Mpiga picha akalazimika kushuka ufukweni na hema la giza na chupa zake zote. Hata sekunde hizo chache zilimtaka mvuvi asimame kimya, wavu mkononi, asicheke wala asigeuke.

Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alieleza namna ya kutengeneza kioo kikavu cha jelatini. Katika miaka ya 1880 vioo hivyo viliuzwa tayari dukani. Vilinasa tukio kwa sehemu ya sekunde na kusafishwa hata wiki kadhaa baadaye. Ndiyo sababu Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilipovuka Mau na kuteremka kupitia Londiani hadi Kisumu mwaka 1901, mpiga picha aliweza kuwanasa vibarua wakiwa kazini katika baridi ya Londiani, vioo vikasafishwe mjini.

Kwa hiyo kila picha ya kale iulizwe kwanza: ilichukua muda gani? Mvuvi asipoonekana, hiyo si dalili kwamba hakuwapo. Na uso wake ukiwa mkavu, tusiufanye kuwa tabia yake. Anayeandika historia ya uvuvi azisome picha hizo pamoja na madema, ngalawa na maelezo ya wazee wa bahari, maana hao ndio wanaojua kazi yenyewe ilivyokwenda.