Gidoni inatetemeka? Angalia kwanza mzigo

Unashuka Mushaki kuelekea Sake, mifuko imefungwa nyuma, na mwenzako wa shimoni amekaa juu yake. Mara gidoni inaanza kuchapa kushoto na kuume kama mbuzi anayekataa kamba. Motari wengi wanalaumu mawe. Mawe yanaanzisha tu. Ugonjwa uko kwa pikipiki yenyewe.

Pikipiki za mashindano zinafungwa amortisere ya gidoni. Ni pompi ndogo yenye mafuta: upande mmoja unashikwa kwa chasi, mwingine kwa miguu ya mbele inayobeba pine. Ukikata kona polepole, mafuta yanapita bila shida. Gidoni ikichapa ghafla, mafuta hayapiti haraka, na mtetemo unakufa. Ni kitu kizuri. Lakini TVS ao Boxer zetu za kubeba watu hazitoki nayo kiwandani. Ukiifunga kwa pikipiki mbovu, inaficha ugonjwa, haiuponyi. Ukiikaza kupita kiasi, gidoni inakuwa nzito. Na kwa matope ya Walikale, ambako unajisimamisha kwa kuchezesha gidoni kila wakati, utaanguka.

Basi anza na mzigo. Ukikaa juu sana na nyuma sana, pine ya mbele inakuwa nyepesi, haishiki tena udongo. Watu wa tshukudu wanalijua hilo siku nyingi: gunia linalala chini juu ya ubao, katikati ya magurudumu mawili. Kwa pikipiki pia, shusha mfuko chini, usogeze mbele, ufunge usicheze.

Halafu weka gogo chini ya injini, pine ya mbele iachane na udongo. Shika ile miguu ya mbele, sukuma na kuvuta. Ukisikia "tok", shingo ya gidoni imelegea. Zungusha gidoni polepole: ikikwama katikati, gololi zimekwisha, zibadilishwe. Angalia pia upepo wa pine zote mbili.

Na kama inakuanzia njiani? Usikamate freni ya mbele kwa nguvu. Punguza gazi polepole, mikono ishike bila kukakamaa.

Wewe mchimbaji unayepanda nyuma, hii ni kazi yako pia. Motari akiongeza abiria wa tatu juu ya mifuko, shuka. Heri kuchelewa kufika nyumbani kuliko watoto kukungoja bure.