Msiniulize Pembea Inabeba Kilo Ngapi

Kila Idi inapokaribia, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, swali ni lile lile: "Injinia, hii pembea yabeba kilo ngapi?" Huuliza wazazi, huuliza wenye pembea, na huuliza hata wale waliotumwa kuzikagua. Nikikataa kutaja namba huonekana nafanya elimu kuwa siri. Siitaji kwa sababu haimsaidii anayeuliza. Chuma cha pembea hakingoji kuzidiwa uzito ndipo kivunjike. Kinaweza kuvunjika kikiwa na mzigo ule ule kilioubeba jana, juzi na sikukuu iliyopita, tena bila kutoa ishara ambayo mzazi aliye kwenye foleni angeiona.

Swali hilo la kilo limezaa jaribio linaloaminika pwani nzima. Asubuhi ya Idi, kabla ya watoto kufika, mwenye mashine huwaita vijana wanne wenye miili. Wanabanana kwenye kiti cha mtoto, wanasukumwa mara chache, na chuma kikinyamaza kipaza sauti hutangaza kwamba mashine imejaribiwa. Wasio na vijana hupakia magunia ya mchanga. Mzazi akisikia hivyo hupiga hesabu yake: ikiwa imebeba wanaume wanne, mwanangu wa kilo 30 itamshinda vipi? Hoja hiyo inasikika kuwa na akili, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Huwafanya watu makini wawapandishe watoto wao juu ya chuma kilichokwisha kuoza. Nitaivunja kipande kwa kipande.

Tuanze na mzigo wenyewe. Mtoto wa kilo 30 akikaa kwenye pembea iliyotulia, minyororo inavutwa kwa kilo 30. Pembea ikishuka kutoka pembe ya digrii 60, anapopita chini kabisa inavutwa kama kwamba amekaa mtu wa kilo 60. Ikishuka kutoka digrii 90, ni kilo 90. Wanaume wanne bado ni wazito kuliko hayo, nakubali. Lakini wao wamekaa dakika mbili, na mtoto anafuatwa na mwenzake, na mwenzake na mwingine, mpaka jua lizame.

Pembea yenye minyororo ya mita mbili na kidogo huenda na kurudi kwa takriban sekunde 3, na katika kila safari hupita chini mara mbili. Kwa saa moja hiyo ni kama mara 2,400. Kwa sikukuu ya siku nne, saa nane kila siku, inapita mara 70,000. Kila mara chuma hukazwa, kisha hulegezwa. Mahali fulani padogo, kwenye ukingo wa palipochomelewa au kwenye tundu la pini, ufa huanza. Kila mkazo huuongeza kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Wahandisi husema chuma kimechoka, na uchovu wa chuma hauponi kwa kupumzishwa hadi mwakani. Chukua waya wa kufungia nondo uuvute kwa nguvu zako zote: haukatiki. Ukunje huku na huku mara kadhaa, unakatika vidoleni. Aliyeuvuta akasema ni imara hakudanganya, ila alipima jambo lisilohusika.

Pini yenye ufa uliofika nusu yake inaweza kabisa kuwabeba wale wanaume wanne asubuhi, kisha ikamwangusha mtoto mmoja jioni. Zaidi ya hayo, jaribio lenyewe, kwa kukikaza chuma kupita kawaida yake, linaweza kuupanua ufa uliokuwapo. Mnalolifanya kwa nia ya kuwalinda watoto ndilo huenda likawasogezea ajali.

Tarehe 5 Mei 2007, katika bustani ya michezo ya Expoland mkoani Osaka, Japani, ekseli ya treni ya michezo iliyoitwa Fujin Raijin II ilikatika treni ikiwa mbioni. Msichana wa miaka 19 alikufa na wengine wakaumia. Treni hiyo ilikuwa imefanya kazi tangu 1992, na katika miaka 15 ekseli ile haikuwahi kubadilishwa. Kilichoikata ni uchovu wa chuma. Miaka 15 ya kubeba watu bila tatizo haikuwa ushahidi kwamba ekseli ni nzima. Ilikuwa ni miaka 15 ya kuimaliza.

Na wanaoyategemea magunia ya mchanga wasikilize kisa cha Kansas City, Marekani. Huko kulijengwa mtelezo wa maji ulioitwa Verrückt, wenye urefu wa takriban mita 51 kwenda juu. Wajenzi walijaribu boti zake kwa magunia ya mchanga, na majaribio yakaonyesha boti zikiruka hewani. Walirekebisha, wakafungua mwaka 2014. Tarehe 7 Agosti 2016 boti iliruka ikiwa na watu, na mvulana wa miaka 10 akafa papo hapo. Gunia halina shingo wala kichwa. Kupakia magunia hakuwezi kushika nafasi ya hesabu za mhandisi, wala hakuwezi kuufanya ubunifu mbovu uwe mzuri.

Hapo sijaigusa chumvi, na sisi tunaishi ndani yake. Nani Malindi hajaona grili za dirisha zikimomonyoka Shela, au bati la Watamu likitoboka kabla ya wakati wake? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinayapanga mazingira kwa ukali wa kutu, na katika daraja la C5, ambalo lahusu pwani zenye chumvi nyingi, chuma kisichokingwa hupoteza mikroni 80 hadi 200 kwa mwaka wa kwanza. Bomba lenye ukuta wa milimita 2 lina mikroni 2,000 tu. Tena upotevu huo ni wastani wa uso mzima. Mashimo madogo ya kutu huchimba haraka zaidi. Sasa tazama tunavyoyatunza mabomba hayo. Idi ikiisha hufunguliwa yakalazwa nyuma ya nyumba, juu ya mchanga, midomo wazi, kusi ikivuma na masika ikinyesha, hadi Maulidi au Krismasi. Maji na chumvi huingia ndani na hayana pa kutokea. Kutu inakula kutoka tumboni, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki.

Ndiyo maana rangi mpya hainitulizi hata kidogo. Rangi nyekundu na manjano iliyopakwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, juu ya kutu iliyokwanguliwa kwa sandipepa, inaficha alama ambazo mkaguzi alipaswa kuziona. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipaka kama kinga, hukaa juu ya chumvi iliyokwisha kushika chuma. Haiiondoi, na ndani ya bomba haiingii.

Mwenye shaka atazame Columbus, Ohio. Tarehe 26 Julai 2017, siku ya kwanza ya maonyesho ya jimbo hilo, mashine ya kubembeza watu iliyoitwa Fire Ball ilivunjika ikiwa juu. Kijana wa miaka 18 alikufa na watu saba walijeruhiwa. Mashine hiyo ilitengenezwa na kampuni inayojulikana, KMG ya Uholanzi, na ilikuwa imekaguliwa na kupewa kibali. Baadaye watengenezaji walieleza kwamba kutu ya ndani ya mhimili ulioshika viti ilikuwa imeupunguza unene wa ukuta wake hadi kiwango cha hatari. Kwa nje mhimili ulionekana mzima. Ikiwa hayo yametokea mbali kabisa na bahari, kwa mashine ya kiwandani yenye wakaguzi, mashine iliyochomelewa chini ya mwembe hatua chache kutoka ufukweni tunaiamini kwa lipi?

Basi ulizeni maswali yanayofaa. Nitayapitia haraka, kwa kuwa hayana ugumu wowote.

Mwenye pembea: pini, bolti na minyororo vibadilishwe kwa tarehe, hata kama vinaonekana vipya, na tarehe iandikwe daftarini. Bomba lizibwe kabisa kila mwisho, au litobolewe tundu upande wa chini maji yatoke. Vyuma vioshwe kwa maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi, vihifadhiwe juu ya mbao chini ya paa. Unene wa ukuta upimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Kazi hiyo haihitaji kukata chochote. Palipochomelewa papigwe dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa, kabla ya rangi ya mapambo. Bomba lililopungua litupwe. Lisiwekewe kiraka.

Kaunti ya Kilifi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti na minyororo ya kunyanyulia vitu ichunguzwe kikamilifu kila baada ya miezi 6. Mnyororo unaonyanyua mtoto hauwezi kustahili uangalizi mdogo kuliko unaonyanyua saruji. Ada ya uwanja isipokewe kabla ya ripoti iliyotiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ikitaja unene uliopimwa na tarehe ya kubadilishwa pini. Kipo kiwango cha kimataifa cha mashine za michezo, ISO 17842. Hakuna haja ya kubuni upya.

Wenye baunsi, zile nyumba za kurukia zinazojazwa upepo: kigingi kifupi hakishiki kwenye mchanga mlegevu. Kiwango cha Ulaya kinataka angalau mahali 6 pa kufungia, na watoto washuke upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Desemba 2021, huko Devonport, Australia, baunsi ya shule iliinuliwa na upepo na watoto sita wakafa. Kusi yetu ikichachamaa, zima jenereta watoto wakiwa wameshatoka.

Mzazi: zunguka mashine kabla hujalipa. Tazama miguu ya nguzo inapogusa ardhi. Tafuta mstari wa kahawia unaochuruzika kutoka chini ya rangi mpya kwenye palipochomelewa, kwa kuwa hapo pana kutu au ufa. Ukiona waya au msumari mahali pa pini au nati, usiendelee na ukaguzi, jibu umelipata. Kisha muulize anayeendesha pini zilibadilishwa lini na nani alipima mabomba. Akikujibu kwamba asubuhi ilibeba wanaume wanne, mshike mtoto wako mkono muondoke, na umweleze mzazi aliye nyuma yako sababu.